Mmea kama waya unaowekea Sydney maji, na migodi inayoupasulia sakafu

UKIPITA karibu nao hutageuka. Hauna ua la kupiga picha, hauna tunda la kula, na ukitafuta majani utatafuta hadi kesho. Ni mabua membamba ya kijani yaliyosokotana kama nyaya za stima kwenye mtaa ambao kila mtu amejiunganishia mwenyewe.

Jina lake la kisayansi ni Empodisma minus. Kwao Australia huitwa kwa jina lenye maana ya nyasi-kamba, na majirani wao wa New Zealand huuita nyasi-waya. Hapa tutauita nyasi-waya, maana ukiuona hivyo ndivyo ulivyo.

Sasa usiudharau. Katika milima iliyo karibu na jiji la Sydney, lenye zaidi ya watu milioni 5, nyasi-waya ni kati ya mimea inayofanya kazi ya tangi. Inashika mvua, inaificha ndani ya udongo mweusi, kisha inaiachilia polepole kwenye vijito, mito na hatimaye mabwawa ambayo jiji linanywa. Mmea huu umezoea njaa. Umezoea jua. Ukichomwa, unachipuka tena. Kitu kimoja tu ndicho haukuwahi kujiandalia: sakafu kupasuka chini yake. Na hiyo ndiyo inayotendeka.

Si nyasi, si ndago

Tuanze na ukoo. Mmea huu ni wa familia inayoitwa Restionaceae, yenye takriban spishi 500 duniani. Ni familia ya kusini mwa dunia haswa. Zaidi ya spishi 300 ziko Afrika Kusini, hasa eneo la Cape, na nyingine zaidi ya 100 ziko Australia. Wachache wametawanyika New Zealand, Chile na kusini mashariki mwa Asia. Hapa Afrika, kuna ndugu zao waliopanda kaskazini hadi milima ya Malawi. Huko Cape, spishi moja ndefu bado inakatwa na kuezekewa nyumba, vile Pwani tunavyoezeka makuti.

Kwa macho unaweza kuapa ni nyasi, ama ile ndago inayosumbua wakulima shambani. Hapana. Ni binamu tu. Zote ziko kwenye oda moja kubwa ya mimea, Poales, pamoja na mahindi, mchele, miwa, mianzi, mafunjo na, amini usiamini, nanasi. Familia ni kubwa na kila mtu alienda njia yake. Nyasi-waya ulichagua maisha ya kubana matumizi.

Angalia majani. Karibu hayapo. Yamepunguzwa hadi kuwa ala ndogo za kahawia zinazokumbatia bua, kila moja ikiwa na kishungi cha nywele nyeupe mdomoni. Kazi ya usanidinuru, yaani kutumia mwangaza wa jua kujitengenezea chakula, inafanywa na bua lenyewe. Jani pana ni gharama: linakula madini ya udongo na kupoteza maji hewani. Bua jembamba la duara, lenye ngozi ngumu, halipotezi sana. Kwenye udongo maskini, hiyo ni bajeti safi.

Halafu kuna mambo ya jinsia. Mmea mmoja ni wa kiume, mwingine wa kike, kila mmoja kivyake. Maua ni madogo, ya kahawia, na hayana rangi wala harufu ya kuvutia nyuki, kwa sababu nyuki hahusiki. Upepo ndio unaobeba chavua kutoka kwa dume hadi kwa jike. Jike akishika, anazaa kijikokwa kidogo chenye mbegu moja.

Lakini nyasi-waya hautegemei mbegu pekee. Chini ya udongo una mashina yanayotambaa, na kutoka hapo unarusha mabua mapya kila upande. Mabua hayo yanapanda juu ya vichaka jirani, yanapitana, yanafungana, hadi unapata mkeka mnene ambao kuupita kwa miguu ni kazi. Hata jina la Empodisma limetoka kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kizuizi. Waliolipa kundi hili jina hilo miaka ya 1970, Lawrie Johnson wa Australia na David Cutler wa Uingereza, hawakukosea.

Mizizi inayopanda juu

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mizizi mingi ya mimea tunayoijua hushuka chini kutafuta maji. Nyasi-waya una mizizi ya kawaida, sawa, lakini pia una mingine inayofanya kinyume: inapanda juu. Ni mizizi myembamba sana, iliyofunikwa na vinyweleo vingi, na inajikusanya karibu na uso wa ardhi kama sponji ya kuoshea vyombo.

Kwa nini upande? Kwa sababu kwenye kinamasi kilichojaa mboji, chakula hakitoki chini. Kinatoka angani. Mvua inapotua huja na chembe kidogo za madini, vumbi kidogo, na mabaki ya majani yanayooza juu juu. Ile sponji ya mizizi inadaka hivyo vyote kabla havijapotea. Na pamoja na madini, inashika maji. Wanasayansi wa New Zealand waliochunguza mizizi hii waligundua kwamba uwezo wake wa kushika maji unakaribiana na ule wa Sphagnum, ile kuvumwani maarufu inayojenga vinamasi vya mboji kaskazini mwa dunia.

Sasa piga picha. Mizizi inakufa, mingine inaota juu yake. Mabua ya zamani yanalala, mapya yanayafunika. Udongo umelowa maji na hewa ni haba, kwa hivyo kuoza kunaenda mwendo wa kobe. Mabaki yanarundikana mwaka baada ya mwaka na kugeuka mboji nyeusi, laini, iliyojaa maji. Ni kazi ya subira: mboji ya aina hii mara nyingi huongezeka kwa milimita 1 hivi kwa mwaka, ama chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo, mita moja ya udongo ule ni kama miaka 1,000.

New Zealand wanajua vizuri mmea wa aina hii unaweza kufika wapi. Katika eneo la Waikato kuna vinamasi vyenye mboji ya kina cha zaidi ya mita 10, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na ndugu wa karibu wa nyasi-waya wetu. Kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa kitu kimoja. Mwaka 2012 wanasayansi Steven Wagstaff na Beverley Clarkson wakawatenganisha, yule wa Waikato akaitwa Empodisma robustum. Sehemu kubwa ya vinamasi hivyo ilishakaushwa zamani kuwa mashamba ya ng'ombe wa maziwa, lakini vilivyobaki, kama Kopuatai, bado vinashikilia kaboni nyingi ardhini. Mboji ikikaa na maji, kaboni inabaki chini. Ikikauka, inaanza kuoza na kupanda hewani. Ni hivyo tu.

Milima inayovuja kwa mpango

Turudi Australia. Nyasi-waya unaota kutoka kusini mwa Queensland, kupitia New South Wales na Victoria, hadi Australia Kusini na kisiwa cha Tasmania. Utaukuta kwenye nyika za vichaka vifupi karibu na bahari, na utaukuta pia juu milimani kwenye theluji. Mradi ardhi iwe na unyevu na udongo uwe maskini, mmea uko nyumbani.

Umaskini huo wa udongo si matusi. Sehemu kubwa ya Australia ni ardhi mzee. Haikusagwa upya na barafu kubwa wala kumwagiwa majivu mengi ya volkano kama sehemu nyingine za dunia, na mvua ya mamilioni ya miaka imeosha madini ikaondoka nayo. Karibu na Sydney mwamba wenyewe ni jiwe la mchanga, ambalo lina fosforasi kidogo tangu mwanzo. Mmea unaotaka mbolea hapo utakonda. Ule uliozoea kubana matumizi ndio unaotawala.

Panda sasa hadi Milima ya Bluu, magharibi mwa jiji, ardhi ya jamii za Gundungurra na Darug tangu enzi, na sehemu yake kubwa ni Turathi ya Dunia tangu mwaka 2000. Watalii huenda mji wa Katoomba kuangalia magenge na maporomoko ya maji. Wachache huuliza yale maji yanatoka wapi siku ambazo hakuna mvua.

Yanatoka kwenye vinamasi. Mvua inanyesha juu ya uwanda, inapenya ndani ya jiwe la mchanga kama maji kwenye mkate. Ikishuka inakutana na tabaka la mwamba mgumu wa udongo mfinyanzi, inashindwa kupita, inateleza kando hadi inatokea ubavuni mwa mlima. Hapo ndipo nyasi-waya na wenzake, kama vile jamii za ndago, kangaga na vichaka vifupi, wameota na kujenga mboji. Vingine vinaning'inia kabisa kwenye mteremko wa genge, kinamasi kilichosimama wima. Maji yanaingia kwa kishindo wakati wa mvua, yanatoka tone kwa tone wakati wa kiangazi.

Na kuna wapangaji wengine. Kuna mjusi wa Milima ya Bluu, Eulamprus leuraensis, ambaye makao yake ni vinamasi hivi na yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Kuna pia kerengende mkubwa, Petalura gigantea, ambaye mtoto wake huishi miaka kadhaa ndani ya shimo kwenye mboji yenye maji kabla hajatoka kuruka. Hebu fikiria: miaka yote hiyo shimoni, halafu maji yanakauka kabla hujapata mabawa.

Mwaka 2005 serikali ya Australia iliviweka vinamasi vya mboji vya nyanda hizi za juu kwenye orodha ya mifumo ya ikolojia iliyo hatarini. Vile vya kusini mwa Sydney, karibu na bahari, vikafuata mwaka 2014. Kwa karatasi, ulinzi upo.

Chini ya kinamasi kuna makaa

Shida ni kwamba chini ya huo mwamba wa mchanga, mamia ya mita, kuna makaa ya mawe.

Yanachimbwa kwa mbinu inayoitwa ukuta mrefu. Mashine kubwa inapita mbele na nyuma kwenye uso wa makaa, inakwangua, na makaa yanabebwa na mkanda. Kipande kimoja kinaweza kuwa na upana wa mamia ya mita na urefu wa kilomita kadhaa. Mashine ikisonga mbele, paa la nyuma huachwa liporomoke makusudi. Ni bei nafuu na wafanyakazi hukaa chini ya vyuma vinavyoshikilia paa, kwa hivyo kwa mchimbaji ni mbinu nzuri. Lakini paa likianguka, tabaka za juu zinafuata. Ardhi juu inaweza kushuka zaidi ya mita 1, na jiwe la mchanga haliwezi kupinda. Linapasuka.

Rudisha akili kwenye ile picha ya maji yanayoteleza juu ya tabaka gumu. Tabaka likipata nyufa, tangi limetoboka. Maji yaliyokuwa yanakuja kwa kinamasi yanapotelea chini. Juu, mtu akipita, haoni kitu. Mabua bado ni ya kijani, kangaga bado zipo. Kinamasi kinaweza kuonekana kizima kwa miaka huku ndani kikiendelea kukauka.

Halafu moto unakuja.

Tarehe 26 Oktoba 2019, radi ilipiga kwenye mlima wa Gospers, kaskazini magharibi mwa Sydney. Moto uliozuka hapo uliteketeza zaidi ya hekta 500,000, na pamoja na mioto mingine ya msimu ule ulipitia sehemu kubwa ya Milima ya Bluu. Vinamasi viliungua pia, vile vilivyo juu ya migodi na vile ambavyo havijaguswa. Bila mtu yeyote kupanga, likawa jaribio kubwa.

Kwa nyasi-waya, moto peke yake si mwisho wa maisha. Mabua yanaungua, lakini mashina yaliyo chini yamezikwa ndani ya mboji iliyolowa, na mboji iliyolowa haishiki moto kirahisi. Baada ya muda unaona vichipukizi vya kijani vikitoboa majivu. Katika vinamasi ambavyo maji yake yalikuwa salama, hivyo ndivyo ilivyokuwa: mimea ilichipuka.

Lakini timu ya watafiti iliyoongozwa na David Keith wa Chuo Kikuu cha New South Wales ilipolinganisha na vinamasi vilivyochimbwa chini yake, hali ilikuwa nyingine. Udongo ulikuwa umeshakauka kabla ya moto kufika. Kwa hivyo moto haukuishia juu. Uliingia ndani ya udongo wenyewe na kula mashina na mizizi ambayo kwa kawaida huokoa mmea. Mingi haikuamka tena. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022, na ujumbe wake ni rahisi kuelewa: kinamasi kinaweza kuvumilia moto, lakini si baada ya kunyang'anywa maji.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonikaa kichwani. Mmea ambao umejipanga dhidi ya kila adui wa juu, yaani jua, njaa, upepo na moto, unauawa na kitu kilichotokea miaka iliyopita, mamia ya mita chini, mahali ambapo hauwezi hata kukijua.

Huruhusiwi kupita, lakini mgodi unaruhusiwa

Kusini mwa Sydney mambo yanachekesha kwa uchungu. Kuna mabwawa kama Cataract, Cordeaux, Avon na Woronora, yanayosaidia kunywesha jiji na eneo la pwani la Illawarra. Ardhi inayoyazunguka imefungiwa umma ili maji yasichafuke. Huwezi kuingia kutembea, huwezi kupiga kambi, huwezi kuogelea. Mabango yameonya kuhusu faini ya hadi dola 44,000 za Australia. Lakini chini ya ardhi hiyohiyo, wenye leseni wamekuwa wakichimba makaa kwa ukuta mrefu. Buti lako ni hatari kwa maji. Mashine haina neno.

Tuwe wa haki. Makaa ya upande ule wa kusini hutumika kuyeyushia chuma katika kiwanda cha Port Kembla, na yale ya magharibi, karibu na mji wa Lithgow, yamekuwa yakilisha mtambo wa umeme wa Mount Piper. Ni mishahara ya watu, ni karo za watoto, ni miji mizima iliyojengwa na mgodi. Kijana wa Lithgow akisikia msee wa jijini akilia kuhusu kinamasi, anaweza kuuliza: na mimi nile nini? Ni swali halali, na mmea hauwezi kulijibu.

Ila kuna jibu moja ambalo halifai kukubaliwa haraka. Sera za jimbo zinaruhusu kampuni iliyoharibu kinamasi kufidia kwa kulinda kingine mahali pengine. Kwenye karatasi hesabu inaingiana. Lakini kulinda kinamasi ambacho tayari kilikuwepo si kutengeneza kipya. Kilichopasuka kimepasuka, na bado hakuna anayejua kuziba kwa uhakika nyufa zilizoenea kwenye mwamba mzima chini ya mboji. Ulikuwa na vinamasi viwili, sasa una kimoja na cheti.

Magogo ya makumbi

Si kila uharibifu hauna dawa, na hapa ndipo kuna watu wanaostahili makofi. Katika miji ya Milima ya Bluu, adui mwingine wa nyasi-waya ni mji wenyewe. Maji ya mvua kutoka kwa mabati na lami hayapenyi ardhini. Yanashuka kwa mfereji kwa nguvu zote, yanachimba korongo katikati ya kinamasi na kukikausha. Isitoshe, yanabeba mbolea za bustani na uchafu wa mji. Udongo uliozoea njaa ukishiba ghafla, magugu ya kigeni yanaingia na kuwafukuza wenyeji.

Kwa shida hiyo, baraza la mji na wakazi wanaojitolea walianzisha kampeni ya kuokoa vinamasi. Mbinu yao haina makuu. Wanapanga magogo yaliyofumwa kwa makumbi ya nazi, yaleyale yanayosukwa kamba huku Pwani, kukata njia ya maji. Maji yanapunguza mwendo, yanatawanyika, yanaanza tena kupenya. Mboji inalowa. Magugu yanang'olewa kwa mkono. Na nyasi-waya, ambao ulikuwa umebaki pembeni kama mpangaji aliyefungiwa nyumba, unaanza kurusha mabua yake tena kuelekea katikati.

Tofauti ya hizo kesi mbili ndiyo inayofaa kukumbukwa. Pale maji yanapopotezwa kutoka juu, watu wenye majembe na makumbi wanaweza kuyarudisha. Pale yanapopotelea chini kwa ufa, hakuna gogo litakalosaidia. Kwa hivyo uamuzi wa maana hufanywa kabla, siku ile ramani ya mgodi iko mezani na mtu anachora mstari: tupite hapa chini, ama tukwepe?

Kipande kimoja cha ukuta mrefu kinaweza kumalizwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Katika mwaka huo, nyasi-waya juu yake, ukiwa na maji ya kutosha, utakuwa umeongeza kama milimita 1 ya mboji.